Kufuli la Huangshan

Rafiki yangu Busi hapendi kuulizwa kwa nini nyumbani kwake hamna kufuli hata moja.

Yeye na mumewe, Lwazi, walikuwa walimu wa Kiingereza mjini Hefei, China. Likizo ya Oktoba wakapanda Mlima Huangshan kutembea. Njia nzima Lwazi alikuwa na jina moja tu mdomoni, la mwanamke aliyefundisha naye: Mwalimu Xu kasema tupite huku, Mwalimu Xu kasema tuvae makoti.

"Si ungekuja naye," Busi alisema. "Mimi ningebaki nikisahihisha madaftari."

"Na wewe kwa wivu, mke wangu. Mwenzio yuko Hefei, kalala na mafua."

Kileleni walinunua kufuli kama wapenzi wengine, wakachongewa majina yao, wakalifunga kwenye mnyororo uliojaa makufuli ukingoni mwa genge. Busi ndiye aliyeutupa ufunguo korongoni.

"Haya, sasa aje akufungue," akasema.

Ukungu ukashuka, kukawa giza, wasionane. Busi akasikia makufuli yakigongana, moja baada ya jingine, kama mtu anayapapasa. Kisha ukaja mkwaruzo wa tupa juu ya chuma, taratibu, bila haraka. Kisha mtu akapiga chafya.

"Pole," Lwazi alisema gizani, kwa sauti laini ambayo Busi hakuwa ameisikia siku nyingi.

Ukungu ulipoinuka, kufuli lao lilikuwa wazi, ufunguo umo ndani, unachuruzika maji. Jina la Lwazi lilikuwepo. Pale palipokuwa na jina la Busi palikuwa laini, na Busi alipopagusa, chuma kilikuwa bado cha moto.