Gari Lililokataa Kumbeba Mdogo

Asubuhi ile uani walikuwapo Mdogo, aliyekuwa na mimba ya miezi tisa; mume wake; dada yake mkubwa, aliyekuja na chupa ya chai; na fundi waliyemwita Kimya kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hao ndio waliokuwa wakionekana.

Gari lilikuwa kuukuu lakini safi. Dada ndiye aliyewapa. Siku alipolileta alikuwa ameliosha mpaka magurudumu, na kwenye kiti cha nyuma akaweka mto mdogo wa mtoto. Mtoto wa kwanza wa Mdogo alikufa njiani, wakiwa bado wanahangaika kutafuta usafiri.

"Safari hii hutachelewa, mdogo wangu," Dada alisema, na Mdogo alilia kwa furaha.

Kasoro ilikuwa moja tu. Ndani kulinukia poda ya mtoto, hata madirisha yakishinda wazi. Kisha gari likaanza kugoma.

"Nikienda kazini peke yangu linawaka," mume alimweleza fundi. "Nikimpakia yeye kwenda kliniki, haliwaki."

"Kumbe gari lina wivu!" Kimya alicheka. "Bwana wee, hili ni bati na nyaya. Halijui nani mke wa nani."

Alifungua boneti. Betri ilikuwa na nguvu. Plagi alizichomoa moja moja, akazipangusa, zikatoa cheche nzuri. Akapiga stata, gari likawaka papo hapo. Akazima, akamwomba Mdogo aketi nyuma. Dada alimshika mkono, akamvua viatu vilivyokuwa vinambana miguu iliyovimba, akavipanga pembeni. Kimya akazungusha ufunguo. Nye, nye, nye. Halikuwaka.

"Uzito huo," alisema. "Kuna waya unabanwa chini ya kiti."

Mdogo alishuka. Kimya akabeba mfuko wa mchanga, akautupa palepale alipokuwa amekaa. Likawaka. Akamketisha mume. Likawaka. Akaketi Dada, likawaka kabla ufunguo haujafika mwisho. Mdogo akarudi kitini. Nye, nye, nye.

Kimya hakutania tena.

"Imebaki pampu ya mafuta," alisema polepole. "Iko hapa chini. Ukifungua swichi inatakiwa ivume kidogo. Mama, kaa hapohapo. Bwana, fungua swichi."

Alipiga magoti, akalaza sikio kwenye kiti kando ya Mdogo, na mume alipogusa ufunguo hapakuvuma pampu, bali kutoka chini ya kile kiti ilipanda sauti ya mwanamke anayebembeleza, nzito, ya subira, kama ya mtu mwenye mtoto anayekaribia kusinzia, na harufu ya poda ikazidi mpaka ikawakaba kooni, na Mdogo akahisi mtoto tumboni, aliyekuwa akipiga mateke tangu alfajiri, akijigeuza taratibu kuelekea ile sauti, kisha akatulia kama anayesikiliza.

"Umesikia?" alinong'ona Mdogo.

"Nimesikia. Shuka, mama. Shuka polepole."

"Fundi, usikiinue hicho kiti," alisema Dada. "Hapo hakuna kitu. Nilishaangalia."

Wote waligeuka kumtazama. Hakuna aliyekuwa ametaja kuinua kiti.

Mdogo alipokwisha kushuka, Kimya alikiinua. Kwenye nyaya za pampu palikuwa pamefungwa kitambaa cha kichwa cha bluu, mafundo juu ya mafundo. Mdogo alikijua. Alikilowesha kwa machozi siku waliyomzika mtoto wake, akalala akilia kifuani mwa Dada, na alipoamka hakukiona. Dada alimsaidia kukitafuta nyumba nzima.

"Dada, kitambaa changu kimefikaje humu?"

"Sema taratibu, anasikia." Dada alikitazama kile kiti. "Ni jini. Alikuja na hili gari tulipolinunua. Anapenda watoto. Alikuwa anamwita mwanangu, namkuta amelala humu ndani peke yake, anatabasamu. Mganga akaniambia hatoki mpaka apewe mtoto mwingine wa damu yangu, na nifunge kwa kitambaa chenye machozi ya mama yake."

"Ukanipa mimi?"

"Hataki ufike hospitali. Anataka mtoto azaliwe humu." Dada alifunika uso. "Wangu nimeshamzoea, Mdogo. Ana jina. Wako bado hana."

Mume aliruka kukivuta kile kitambaa. Kimya akamzuia.

"Usiguse. Afungue aliyefunga. Dada, tafadhali. Tunakuomba."

Dada alinyoosha mkono. Vidole viligusa fundo la kwanza, vikakaa pale. Kisha akaurudisha mkono.

"Nikifungua atamrudia mwanangu," alisema, akatoka getini bila hata kuvaa kandambili zake.

"Dada!" Mdogo aliita, kama alivyokuwa akiita utotoni akiachwa nyuma njia ya shule. Siku hizo Dada alikuwa anasimama. Leo hakugeuka.

Uchungu ukamshika palepale, akiwa ameegemea ukuta. Kimya alisogeza pikapu yake mpaka mlangoni, akatandika koti lake safi, akasaidiana na mume kumpakia. Walipokata kona walisikia nyuma yao, kule uani ambako hapakubaki mtu, na ufunguo ukiwa mfukoni mwa mume, lile gari likiwaka kwa mkupuo mmoja, laini kabisa, likaendelea kunguruma.

Mtoto alizaliwa hospitali kabla ya adhuhuri, wa kike, mzima. Mdogo alimpa jina kabla hajafutwa, akawa analirudia sikioni mwake mpaka muuguzi akacheka.

Waliporudi nyumbani gari lilikuwa limezimika. Kitambaa kilikuwa juu ya kiti cha nyuma, kimekunjwa vizuri, mafundo yote yamefunguka, na ile harufu ya poda haikuwapo tena, wala kandambili za Dada.

Dada hajawahi kuja kuuliza jina la mtoto.