Maji ya Bahari kwa Miguu ya Mama

Maji ya kisima ya Kambu yana chumvi tangu zamani, ndiyo maana Wayua hakushtuka chai ya Jumatatu ilipomshinda kunywa. Alilaumu kisima. Alikuwa amechoka mno kutafuta kingine cha kulaumu.

Miaka mitatu alikuwa akimbeba mama yake, Ndunge, kutoka kitandani hadi kitini na kumrudisha. Jumamosi iliyotangulia akina mama wa kanisa walimtoa kwa nguvu, wakaenda naye hifadhi ya bahari kule Kisite. Alivaa miwani ya maji, akauma mrija wa kupumulia, akaelea kifudifudi juu ya matumbawe. Samaki wa manjano walimpita usoni bila haraka. Mgongo haukumuuma hata kidogo, akatamani asiitwe tena na mtu yeyote. Hapo ndipo aliposikia pumzi nyingine sikioni, nzito, na karibu naye hapakuwa na mtu.

Sasa, Mkamba hashuki pwani akarudi mikono mitupu. Wazee huagiza maji ya bahari wakandwe miguu. Wayua alijaza kibuyu cha plastiki cha lita tano. Nahodha wa mashua iliyowapeleka alimwonya kwamba pale hapachotwi kitu bila kuomba wenyewe, wale wa chini ya maji. Aombe wenyewe gani, naye ni mtu wa kanisa?

Jumapili alimkanda mama. Jumanne, saa sita mchana, nyumba ilinuka samaki wabichi, na Wayua alipotoka jikoni alimkuta mama amesimama kwa miguu yake mwenyewe, anafagia polepole, pindo la leso likidondosha maji yasiyoisha, huku akipumua ile pumzi nzito ya Kisite.

"Pumzika, mwanangu," mama alisema. "Kazi zote niachie mimi."

Kilikuwa Kiswahili laini cha pwani. Ndunge alijua Kikamba tu.

Alhamisi alikuja Pasta Musyimi. Hakuingia ndani.

"Hii kitu uliileta wewe," alinong'ona mlangoni. "Ukiiambia itoke, itatoka. Lakini mama atarudi vile alikuwa."

"Na nikiiacha?"

"Mama ataisha huko ndani yake, polepole."

Ufagio ulinyamaza. Sauti nyembamba, ya mama mwenyewe, ikamwita Wayua kwa Kikamba, ikimsihi amtoe. Wayua aliisikia vizuri. Aliogopa, na machozi yalimtoka, lakini uchovu wa miaka mitatu ulimzidi.

"Pasta, rudi Jumapili," alisema. "Wacha nilale kwanza."

Akafunga mlango, akajilaza. Mkono uliolowa ukamfunika blanketi, naye akashukuru.