Mashine Iliyotaka Miguu Mitupu

Wa kwanza kujua alikuwa paka. Kila siku alilala juu ya mfuko mtupu wa saruji katikati ya karakana, ametulia kama mama mkwe aliyekuja kukaa wiki na sasa ana mwezi wa tatu. Siku ilipoingia mashine ya kuchomelea, paka alisimama mlangoni, akanyoosha mguu, akagusa sakafu, akaurudisha upesi. Tangu hapo hakuingia tena.

Bi Rangi alimwona, akasonya. Walimwita hivyo kwa sababu mumewe, Fundi, akishachomelea mageti, yeye ndiye aliyeyapaka rangi, na kucha zake hazikuwahi kufanana. Mashine yenyewe waliinunua kwa mjane wa fundi mwingine, mtaa wa tatu. Marehemu alikufa ameishika. Watu walisema ni moyo. Watu husema moyo wakiwa hawataki kusema jingine.

Siku ya pili Bi Rangi alishika geti upande mmoja, na Fundi anachomelea upande wa pili. Geti likamtekenya vidole.

"Baba, hili geti lina nini?"

"Lina mwanamke mvivu anayetafuta sababu."

Siku ya nne likamng'ata Fundi mwenyewe, kutoka kiganja mpaka kiwiko. Akaangusha holda, ile koleo ya kushikia kijiti cha kuchomelea, akacheka kama mtu aliyejikwaa mbele za watu. Ikaja harufu ya nywele zinazoungua, na hakuna nywele iliyoungua. Ukaja na mlio: mashine ikiwashwa tu, kabla haijagusa chuma, inaguna kama mtu anayeimba amefumba mdomo.

"Nimwite mdogo wangu aitazame," Bi Rangi alinong'ona. Mdogo wake alikuwa fundi umeme.

"Aje kufanya nini? Si unaona inachoma vizuri? Umeme upo. Huyu ni mtu, mke wangu. Yumo humo ndani." Fundi naye alinong'ona, mwanamume mzima, anaogopa kusikiwa na chuma. "Majirani wamenielekeza kwa mganga."

Mume akishaelekezwa na majirani, mke hana kauli.

Mganga alikuja mchana, mwembamba, msafi, ana sauti ya upole. Hakuuliza mashine iko wapi. Aliyapita mageti, akaipita meza ya kukatia, akaenda moja kwa moja pembeni palipofunikwa turubai, akaifunua kama anayemfunua mtoto aliyelala.

"Ana kiu," akasema. "Kila asubuhi mwageni maji ya chumvi, sakafu yote ilowe. Na wewe Fundi uvue viatu. Huyu ni wa heshima, hakanyagiwi na buti."

Bi Rangi akamtazama mganga miguuni. Alivaa buti za mpira, soli nene kama mkate. Tena alikuwa amesimama juu ya ubao.

"Mbona wewe hukuvua, mzee?"

"Mimi na yeye tunajuana."

"Naona," Bi Rangi akasema.

Wakamwaga maji. Fundi akasimama humo miguu mitupu, akachomelea. Siku ile alitetemeka mpaka begani. Kesho yake mpaka kifuani, akakaa chini mdomo wa bluu. Glavu zake zililowa, naye akazivaa hivyohivyo. Mganga akatuma salamu: akizidi kuuma, ndiyo anatoka.

Bi Rangi aliliwaza neno hilo usiku na mchana. Mgeni anayetoka huelekea mlangoni. Huyu alikuwa anaelekea moyoni.

Akaenda kwa mjane.

"Maji ya chumvi?" mjane akauliza, ungo ukamwanguka. "Na viatu amevua?"

"Amevua."

"Mganga wenu anavaa buti za mpira?"

Bi Rangi akaitikia kwa kichwa.

"Ndugu yangu," mjane akasema polepole, "mume wangu alikufa siku ya saba tangu aipate mashine. Ninyi mko ya ngapi?"

Walikuwa ya saba. Bi Rangi alikimbia, na mvua ikaanza, akazipita nyumba bila kuziona, khanga imedondoka hakuirudia, na kabla hajafika kwenye kona akausikia ule mlio wa mdomo uliofumbwa, sasa umekuwa mkubwa, kama wanaimba wengi, ukaja na ile harufu, safari hii ni nywele kweli, na alipofika mlangoni paka amevimba mkia anafoka, na ndani, katikati ya maji, mume wake amesimama wima kama nguzo, meno yamebana, macho yamemtoka, mkono umeng'ang'ania holda na holda imemng'ang'ania yeye.

Alitaka kumrukia. Mguu ulishainuka. Akasikia sauti ya mdogo wake, maneno yaliyokuwa yakimchosha kila sikukuu: mtu akikamatwa na umeme usimshike, dada, mtafuatana. Kata kwanza.

Swichi kubwa ilikuwa ukutani kando ya mlango, nje ya maji. Akachukua mpini mkavu wa ufagio, akaipiga chini. Mlio ukakatika. Fundi akaanguka kama gunia, kisha akakohoa, na kikohozi kile kilikuwa kitamu kuliko wimbo.

Mdogo wake alikuja jioni, akaifungua plagi. Waya wa ethi ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma. Mahali pake palibanwa hirizi ndogo, imeshonwa kwa uzi mweusi.

"Huu waya ndio unaoupeleka umeme ardhini mashine ikivuja," akasema. "Kuna mtu aliukata apate nafasi ya kuweka hiki. Na holda yako imepasuka. Kwa miguu mitupu ndani ya maji ya chumvi, shemeji, waya wa ethi ulikuwa wewe."

Fundi akaitazama miguu yake mitupu.

Mganga akaitwa. Bi Rangi alimwaga ndoo nzima ya maji ya chumvi, akamwekea hirizi mbele yake.

"Vua buti, mzee. Uingie umuage mwenzio."

Mganga aliitazama mashine, iliyokuwa haijachomekwa popote. "Mmetoa hirizi, mmemfungulia," akanong'ona. "Mimi nilikuwa nampa mtu mmoja mmoja." Akaondoka kinyumenyume, na mtaa ule haukumwona tena.

Hirizi ikachomwa. Waya ukaunganishwa, holda ikawa mpya, sakafu ikakauka, Fundi akanunuliwa glavu kavu na buti zinazofika kwenye ugoko. Mwezi mzima geti halikumng'ata mtu. Bi Rangi alianza kumcheka paka, ambaye bado alikataa kuingia.

Asubuhi moja ya jua kali alifungua kufuli kwa ufunguo aliolala nao shingoni. Sakafu ilikuwa imelowa, ukuta hadi ukuta. Akachovya kidole, akalamba. Chumvi.

Pembeni, plagi imelala chini, mashine ilikuwa inaguna.

Nyuma yake akasikia nyayo za mumewe zikija, laini, hazina kishindo cha buti.

"Mke wangu," Fundi akauliza, "viatu vyangu umeviweka wapi?"