Pumzi ya Mashimba

Boxer iliruka jiwe, ikatua na gurudumu moja, ikayumba.

Teodora hakupunguza mwendo.

Pikipiki yenyewe si yake. Ni ya Mashimba, na Mashimba huifuta vumbi kila asubuhi utadhani anamwogesha mtoto. Leo akiiona atalia. Kama ataishi kuiona, maana hapo ndipo penye shughuli.

Chini ya mlima palikuwa Igombe, kijiji cha wavuvi ziwani. Dagaa wameanikwa juani, wachuuzi wanapigia kelele bei, na boti nyeupe inasukumwa majini kwa haraka isiyo ya kivuvi.

Simu ikalia ndani ya kofia ngumu.

"Teodora, ni Bushra." Dokta Bushra ndiye aliyempokea Mashimba hospitalini mjini. Mwanamke mpole, lakini leo sauti ilikuwa inamkwaruza. "Pumzi yake inazidi kuwa fupi. Umejua ni sumu gani?"

"Bado. Si umpe oksijeni!"

"Ndiyo nashindwa! Dalili zake zinaangukia sumu mbili. Kama ni dawa ya wadudu, bila oksijeni anakufa. Kama ni ile nyingine, oksijeni ndiyo itakayommaliza."

"Hewa imuue mtu?"

"Sikiliza, mdogo wangu. Seli zetu zikitumia oksijeni zinatoa cheche, na kila seli ina walinzi wa kuzizima. Hiyo sumu inazidisha cheche na kuwamaliza walinzi. Mapafu yanageuka jiko la mkaa. Halafu mimi nije na kipepeo nipepee?"

Teodora akakata kona. Taa ya mbele ikagonga mwamba, ikabaki huko.

"Nikimnyima huenda namuua, nikimpa huenda namuua," Bushra akasema. "Niletee jibu, tafadhali."

"Nakuletea."

Aliahidi, na moyoni aliogopa. Kwa miaka yote ya kazi hii ya usalama, Mashimba alikuwa kaka yake kuliko kaka aliozaliwa nao. Naye alimwita Teodora Nshomile, kwa kuwa ni Mhaya na eti Wahaya kwa kujifanya wasomi hawajambo. Asubuhi hiyo Mashimba alikwenda nyumbani kwa Dokta Obedi, mtaalamu wa seli aliyerudi kutoka ng'ambo na tabasamu la bei ghali. Alijifanya mnunuzi wa vifaranga vya sato. Akakaribishwa chai. Na Msukuma gani anakataa chai? Bahati yake, chai haikuwa na sukari. Alipiga funda moja, akakiacha kikombe na kusonya.

Funda hilo moja lilimlaza.

Obedi alikuwa ametengeneza sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha, na alijisifia hivyo kwenye simu bila kujua anasikilizwa. Jina la sumu tu ndilo hakulitaja. Leo angeimwaga kwenye vizimba vya wafugaji wa samaki wa Ilemela. Sato wakishaelea matumbo juu, kampuni iliyomtuma ingenunua ufukwe wote kwa bei ya maandazi. Shetani ana wanafunzi, jamani!

Teodora aliitupa Boxer mchangani, akarukia boti ya wazamiaji wa uokoaji. Akaonyesha kitambulisho.

"Shukeni. Naichukua."

"Dada, hiyo ni ya seri—"

"Na mimi pia. Shukeni!"

Injini ya Yamaha ikanguruma. Akavuta redio ya upepo, Motorola nyeusi.

"Korongo kwa Makao."

"Makao. Sema."

"Mzigo uko majini, unaelekea vizimbani. Nafunga njia."

"Korongo, tunamtaka hai."

"Hata mimi."

Boti nyeupe ilikuwa imejaa madumu ya njano. Obedi alisimama katikati, amevaa miwani ya Ray-Ban, shati halina hata jasho. Aligeuka, akatoa bastola, akafyatua. Kioo cha mbele kikapasuka usoni pa Teodora. Damu ikamwingia jichoni.

Akainama, akasukuma mafuta hadi mwisho, akawagonga ubavuni.

Nahodha wa Obedi alijirusha majini bila kuaga. Bastola ikafuata. Dumu moja likaruka juu, likapasukia usoni pa Obedi, likammwagikia mdomoni hadi akapaliwa. Kikombe chekundu cha plastiki kikaelea kando ya boti.

Teodora akaingia botini mwao na bastola yake ya Glock mkononi, akamfunga Obedi pingu.

"Ni sumu gani uliyompa?"

Obedi alikohoa, akatema mate, akacheka. "Piga risasi basi, dada. Ukiniua, na mwenzio kwisha."

Kweli. Bastola ikawa haina kazi. Akairudisha kiunoni.

"Haya, nitasema," Obedi akaendelea, sauti laini kama ya mfariji msibani. "Ni dawa ya wadudu tu. Mpeni oksijeni ya kutosha. Atapona."

Simu iliita. Bushra. "Teodora, midomo inabadilika rangi. Naamua sasa hivi!"

"Usiguse kitu. Baki hewani."

Alimtazama Obedi. Mbona leo ana huruma hivi? Kisha akaona, chini ya kiti cha boti ya uokoaji, mtungi mdogo wa oksijeni na barakoa yake. Akauvuta. Akafungua koki. Hewa ikatoa mlio mwembamba.

"Dokta, na wewe umeimeza. Nimekuona. Njoo nikupe dawa uliyoniagiza mwenyewe."

Akamwekea barakoa puani.

Tabasamu la bei ghali likapotea. Obedi akarusha kichwa nyuma, akapiga mateke, akabana pumzi hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

"Toa! Toa hiyo kitu! Utaniunguza mapafu!"

"Si dawa ya wadudu tu?"

"Toa, nakuomba! Mama yangu, nakufa!"

Mkuki kwa nguruwe, wahenga hawakukosea.

"Umesikia, Daktari?"

"Nimesikia," Bushra akajibu, analia na kutoa amri kwa pamoja. "Ondoa mtungi hapa! Mkaa wa dawa, haraka! Andaeni mashine ya kusafisha damu!"

Boti ya polisi ilipowavuta ufukweni, Obedi alikuwa bado anatetemeka na kuomba apelekwe hospitali. Teodora aliinama majini, akaokota kile kikombe chekundu. Kamba yake ilikuwa bado imefungwa kwenye shingo ya dumu lililopasuka.

"Ungepakia mwenyewe ungejua," akamwambia. "Dumu lenye kikombe shingoni ni la maji ya kunywa."

Obedi akaacha kutetemeka, akakitazama kikombe.

Ilibidi Teodora asubiri hadi jua lianze kulala ndipo simu ikalia tena.

"Pumzi imetulia," Bushra akasema. "Safari bado ndefu, ila ameamka. Anasema, wabeja, yaani asante, Nshomile. Na anauliza nani kachukua pikipiki yake."

Teodora alikaa mchangani, akalia kidogo, bila aibu. Kisha akapangusa uso, akainua Boxer isiyo na taa.

"Mwambie haijambo," akasema, akawasha, akaondoka polepole kabla giza halijaingia.