Miguu ya Norlandi

Msaili alishusha mkono wake wa kioo juu ya kiganja cha Hidaya Mbaruku, na kwa sekunde tatu akawa amesoma damu yake, mapigo ya moyo na kila safari aliyowahi kuifanya. Katika jiji-dola la Bandari Mpya hakuna aliyepata uraia bila kupita mbele ya roboti huyo.

"Unapokea msaada wowote wa serikali ya kigeni?" aliuliza Msaili.

"Ndiyo. Hii miguu."

Hidaya alizaliwa Norlandi, kwa wazazi waliohamia huko kutoka Bandari Mpya. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye gati la angani, zinakoundwa meli za mwezini, hadi siku nguzo ilipombana kiuno. Tangu hapo hakuhisi kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Norlandi ilimpa miguuvazi: miguu ya chuma inayovaliwa juu ya ile ya nyama na kuendeshwa kwa ishara za setilaiti za nchi hiyo. Ishara zikija, anatembea.

"Sheria hairuhusu uraia wa nchi mbili," alisema Msaili. "Ukiapa, taarifa itafika Norlandi papo hapo."

Bi Tumsifu, ofisa mzee aliyekaa pembeni kama shahidi, alisogeza kiti. "Mwanangu, na wakizima?"

"Nimewaandikia mara nne. Wamejibu kuwa miguu ni ya raia wao."

"Basi baki na kibali cha ukaazi."

"Kinaisha Ijumaa, na hakirefushwi tena. Mume wangu na mwanangu wako huku, mama. Nikitembea kule peke yangu, nitakuwa nakwenda wapi?"

Akasimama, akainua mkono wa kiapo. Hakuna aliyemtaka asimame. Alitamka kiapo polepole, bila kukosea neno. Kabla hajaushusha mkono, magoti ya chuma yalilegea. Bi Tumsifu alimdaka, wakaanguka wote wawili sakafuni.

"Hongera, mwananchi," alisema Msaili.

"Mwandikie maombi ya miguu!" Bi Tumsifu alihema. "Sasa hivi. Ni raia wetu huyu."

"Haiwezekani. Msaada ni wa aliyeumia akiwa raia. Huyu aliumia akiwa mgeni."

Hidaya alicheka kicheko kikavu, akaomba aitiwe mumewe, Kombo, aliyekuwa akisubiri nje. Kombo alifungua vifungo vya miguuvazi kimoja kimoja, akaiacha pale chini, akambeba mgongoni.

Juu ya mlango taa ya kijani ilikuwa imewaka. Watu waliokuwa foleni walipiga makofi. "Raia mpya! Raia mpya!"

Hidaya aliuficha uso shingoni mwa mumewe.

"Twende," alimwambia. "Twende haraka."