Beberu wa Komunyo

Kila siku akitoka shule, Kunigunda alivua sare, akanywa uji uliobaki, kisha akachukua mundu kwenda kumkatia beberu wao majani. Kule kijijini Ruanda watoto wengi wana kazi ya namna hiyo. Ila beberu huyu alikuwa wa kuchinjwa Jumapili, siku ambayo Tarsisi, mdogo wake Kunigunda, angepokea komunyo ya kwanza.

"Majani ukakate juu kwenye ngoro," baba yake, mzee Baltazar, alimwambia Ijumaa. "Huku chini kwenye kahawa nimepiga dawa ya wadudu."

Kunigunda aliitikia vizuri tu. Lakini kilima kile chenye ngoro, yale mashimo ya kulimia, ni kirefu, jua lilikuwa kali, na nyasi za kwenye kahawa zilikuwa zimestawi hapo hapo nyuma ya nyumba. Akajidanganya kwamba dawa imeishia kwenye kahawa. Akakata mzigo wake, akamtupia beberu, akakimbilia kucheza rede.

Jumamosi asubuhi beberu alikuwa amelala ubavu. Mate yalimchuruzika, machozi yalimtoka, na misuli ya mapaja ilimchezacheza yenyewe.

"Kaka, huyu anakwenda," alisema shangazi Restituta, aliyekuja kusaidia mapishi. "Muwahi kwa kisu kabla hajajifia, tusipoteze nyama."

Baba akaenda kunoa kisu. Ndivyo wafanyavyo wengi mnyama akizidiwa, na hakuna aliyeona ajabu.

Kunigunda aliyatazama yale mapaja. Wiki hiyo hiyo mwalimu Benadetha alikuwa amechora mwili ubaoni, akaweka duara kwenye ubongo, kwenye uti wa mgongo, na pale neva inapokutana na msuli au tezi. "Hapa vipo vimeng'enya vya kufuta ujumbe wa neva ukishafika, ili msuli upumzike," alisema. "Mtu, mbuzi, mbwa, mamalia wote tuko hivyo. Zipo dawa za wadudu zinazovizuia, na ujumbe haukomi." Mate hutoka kwenye tezi. Mapaja ni misuli. Kunigunda aliuona mchoro wote umelala mbele yake ukihema kwa shida.

Akisema, atajiumbua. Akinyamaza, kesho Tarsisi ataila nyama ile. Baba alipokuja na kisu, Kunigunda akasimama kati yake na mbuzi.

"Hachinjwi, baba."

"Toka hapo."

"Sitoki. Nipige ukitaka, lakini nyama hii hailiwi."

"Mtoto gani wa kujibizana na baba yake?" shangazi akafoka. "Na wageni wameshaalikwa!"

"Wasile sumu, shangazi." Miguu haikusogea. "Baba, nilimkatia nyasi za kwenye kahawa. Ulinikataza, nikaona uvivu kupanda kilima. Amekula dawa yako."

Mzee Baltazar alikunja uso. Hasira ilimpanda, ikaonekana mpaka shingoni. "Labda ni homa tu," alisema, akapiga hatua mbele.

Kunigunda akapiga magoti, akamkumbatia beberu shingoni. "Basi aje bwana mifugo aseme yeye. Mimi sibanduki."

Baba akashusha kisu, akatoa simu mfukoni.

Bwana Othmar, afisa mifugo, alifika kwa pikipiki. Alimfunua beberu jicho, akatazama mboni iliyosinyaa, akauliza jina la dawa iliyopigwa kwenye kahawa. Kisha akamchoma sindano.

"Ni sumu ya neva," alisema. "Mngekula nyama hii, pengine kesho ningekuta watu wamelala hivi. Asichinjwe mpaka nitakaporuhusu. Na nyasi zile zisiguswe."

Jioni beberu aliinua kichwa. Shangazi Restituta, bado amenuna, alianza kuchambua maharage ya kande na kuosha dagaa wa usipa kwa ajili ya wageni wa kesho.

Baba akamwita Kunigunda. Alikuja akiwa tayari kwa fimbo, kidevu kimeinuka.

"Kwa kosa la jana utapanda kilima kila siku, hata mvua ikinyesha," alisema baba. "Kwa ubishi wa leo sina adhabu. Uvivu wako ulimpa sumu mbuzi mmoja. Ungenyamaza, ungetupa sumu hiyo sisi sote. Ukikosea mwanangu, sema mapema, hata kama aliyeshika kisu ni mimi."