Maelezo Aliyoyafuta Chapuchapu

Kila siku baada ya masomo, Chapuchapu alipitia maktaba ya mji kumsubiri mama yake. Jina hilo alibandikwa na babu yake kwa sababu hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Mama yake alikuwa mkutubi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akivuta droo za kadi zilizoorodhesha vitabu, na ungemuuliza kitabu chochote angekwambia kiko rafu ipi, na nani alikirudisha kikiwa na doa la mafuta.

Mwaka huo droo zilianza kuondolewa. Vitabu vyote vilitakiwa kuingizwa kwenye kompyuta, na kila Jumatano mkufunzi, mwanamke kijana mwenye miwani, alikuja kuwafundisha wakutubi. Kila mmoja alipewa kazi ya nyumbani ya vitabu ishirini kwa wiki. Mama aliyapenda mafunzo hayo kupita kiasi, ila vidole vyake havikuwa na haraka. Tuseme kweli, kilikuwa kidole kimoja tu, nacho kilitafuta herufi mojamoja.

Siku moja wanafunzi wa darasa la Chapuchapu walikuja kuazima kitabu. Mama akainamia kibodi. Akakosea, akafuta, akaanza upya.

"Leo tutalala hapa," alinong'ona msichana aliyekaa dawati moja na Chapuchapu. "Huyu anaandika au anachambua mchele?"

Wakaangua kicheko. Chapuchapu naye akacheka, tena kuliko wote, ili wasijue kwamba imemuuma. Kisha uso ukamwaka moto. Alimwonea haya mama yake, na papo hapo akajionea haya mwenyewe.

Jumanne iliyofuata, mama akiwa anafua uani, Chapuchapu alifungua kompyuta mpakato ambayo mama aliileta kutoka kazini. Kazi ya kwanza ya nyumbani ilikuwa tayari, lakini ilikuwa kazi gani hiyo! Jina la mwandishi lilikaa kwenye nafasi ya jina la kitabu, karibu kila mahali. Chini, kwenye nafasi ya maelezo, mama alikuwa amejaza mambo ya ajabu: "Watoto hukiulizia kama kile cha mbuzi aliyepotea." "Anayeogopa hesabu apewe hiki kwanza."

"Watamcheka mpaka wachoke," Chapuchapu alijisemea. Akayahamisha majina yote, akafuta maelezo yote. Dakika kumi tu, kazi ikawa safi.

Jumatano mama alirudi akitabasamu. "Mwalimu amenisifu! Sina hata kosa moja." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Ila yale maelezo yangu hakuyagusia. Labda hayana maana."

Chapuchapu alijifanya anatafuta kifutio. Mchezo huo akaendelea nao wiki tano nzima, akijidanganya kwamba anamsaidia mama.

Ndipo mama akaja na habari. "Jumamosi wanakuja wakutubi wa maktaba nyingine zote, na mimi ndiye nimechaguliwa kuwaonyesha kazi. Mimi, mwanangu, wa kidole kimoja!"

Alipiga pasi gauni lake la buluu huku akiimba. Chapuchapu alifungua mdomo mara tatu aseme ukweli, na mara zote tatu akaishia kuomba maji ya kunywa.

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulijaa. Kila alichoandika mama kilionekana ukutani, kikubwa, mbele ya watu wote. Mkufunzi alimpa kitabu kipya akiingize. Kidole kikatafuta, kikapata, kikatafuta tena. Jina la mwandishi likaingia kwenye nafasi ya jina la kitabu, kama kawaida. Mtu wa nyuma akaguna. Mama akafuta, akarudia kosa lilelile. Jasho likamtiririka.

"Samahanini," alisema. "Nyumbani huwa naweza."

Chapuchapu hakuweza kuvumilia zaidi. Akasimama.

"Si kosa lake. Mimi ndiye niliyekuwa nasahihisha kazi zake, bila yeye kujua. Na maelezo yake niliyafuta."

Mama alimgeukia, na Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Maelezo gani?" aliuliza mkufunzi.

Mama akaanza kuyataja kutoka kichwani: kile cha mbuzi, kile cha wanaoogopa hesabu, kile ambacho mafundi cherehani hukijua kwa picha ya kola. Mkufunzi akavua miwani.

"Mama, hicho ndicho nilichokuwa natafuta! Wasomaji wengi hawajui jina la kitabu. Wakiandika 'mbuzi', kompyuta iwapatie. Mimi kompyuta naijua, lakini wasomaji unawajua wewe."

Wakutubi wengine wakaanza kutaja ya kwao, na mkufunzi akayaandika yote. Hata hivyo, alimwambia mama arudie mafunzo kuanzia somo la kwanza. Mama alikubali, lakini Chapuchapu aliona jinsi alivyoinamisha kichwa.

Njiani Chapuchapu aliomba radhi huku akilia.

"Hilo la kufuta kazi yangu nimekusamehe," mama alisema. "Lakini siku ile mlipocheka pale maktaba, nilikusikia. Kicheko chako nakijua hata kikiwa katikati ya vicheko mia."

Mama akamshika mkono.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi sioni aibu kukosea, maana najifunza. Ungeniacha nikosee, mwalimu angenionyesha, na leo ningekuwa najua. Mtu anayejifunza usimcheke, na kazi yake usimfanyie kwa siri. Kaa karibu naye, umngoje."

Jumatatu wale wanafunzi walirudi. Mama akainamia kibodi, kidole kikaanza safari yake. Yule msichana wa dawati lake akamkonyeza Chapuchapu.

Chapuchapu alivuta kiti, akakaa kando ya mama, mikono mapajani.

"Subirini," aliwaambia wenzake. "Mama yangu anatafuta."